Praktisi Waliyoielekeza Njiani

Juzi alikuja kwangu hapa Gasorwe bwana mmoja mwenye hoteli mjini Muyinga. Alipanda kilima kwa pikipiki, akavua kofia, akakaa kwenye benchi langu na kunionyesha mchoro kwenye simu. Anataka kuweka uwanja wa mazoezi ya gofu nyuma ya hoteli yake, kati ya jiko na ukuta wa jirani. Nikamuuliza mpira utakwenda wapi. Akasema kutakuwa na neti. Nikamuuliza, sasa mchezaji atajuaje kama amepiga vizuri? Akafikiri kidogo, akasema kutakuwa na muziki.

Nilimpa maji ya kunywa nikamsindikiza hadi barabarani. Lakini nyinyi vijana, mnaokuja kuniuliza kazi hii inafanywaje, siwezi kuwapa maji tu na kuwasindikiza. Kaeni niwaeleze.

Nimefanya kazi kwenye viwanja vya mazoezi ya gofu tangu nilipokuwa na ndevu chache hadi zilipoingia mvi. Kule Tanzania nilikokulia, kwenye makazi ya wakimbizi na baadaye kwenye nyanda za chai, kiwanja kama hicho tulikiita renji. Hapa Burundi, kwa kufuata Kifaransa, wanakiita praktisi. Kiiteni mnavyotaka. Ni kile kipande cha ardhi ambapo mtu anasimama mahali pamoja, ana kapu la mipira pembeni, anapiga mmoja baada ya mwingine, anajifunza. Nimekata nyasi zake, nimeokota mipira yake, nimefundisha watu juu yake, na mwisho nikawa msimamizi wake. Sasa nimestaafu. Nalima maharage na mihogo, na maharage yana uzuri mmoja mkubwa: hayana kamati.

Maana kamati ndizo zilizonizeesha. Kila klabu niliyoijua ilipangwa namna moja. Kwanza wanapima baa. Baada ya baa wanapima maegesho ya magari, kisha bustani ya maua ya kupigia picha za harusi, kisha choo cha wageni wa heshima. Ikibaki kona yenye mawe, yenye mteremko, iliyoshindikana kwa kila kitu kingine, wanasema: hapo tutaweka mazoezi. Halafu wanashangaa kwa nini wanachama wao wanapiga mpira kama watu wanaoua nyoka.

Hawaelewi kwamba kona ile ndiyo mlango wa klabu. Mtu ambaye hajawahi kushika fimbo hawezi kuanzia kwenye uwanja mkubwa. Atawachelewesha wengine, watamcheka, atarudi nyumbani na hatakuja tena. Mwalimu wa shule aliye na nafasi kidogo jioni hawezi kuzunguka mashimo yote. Mama mwenye goti bovu hawezi. Hao wote mahali pao ni praktisi. Uwanja mkubwa ni wa wale ambao tayari wanajua, au wanaodhani wanajua, na hao wa pili ndio wengi.

Aliyenifundisha haya ni Yusufu, mtu wa Gitega, wa mtaa wa Yoba, kutoka familia ya Waislamu ambao kwao kila mmoja ana ufundi wake. Ndugu zake walikuwa washonaji. Yeye alikwenda Tanzania kutafuta kazi, akawa fundi wa fimbo za gofu na mtunza nyasi katika klabu moja ya gofu kwenye nyanda zile za chai. Mimi nilipoajiriwa kukata nyasi, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Hakuwahi kuacha Kiswahili chake cha kwao, kinachosema batu badala ya watu na kuchanganya Kifaransa, na kwa miaka yote aliniita mudogo wangu, ingawa nilimzidi urefu kwa kichwa kizima.

Siku ya kwanza alinikuta nimewaacha wachezaji wachimbue nyasi popote walipopenda. Uwanja ulikuwa kama umepitiwa na nguruwe. Akanishika bega.

"Mi nakuambia, nyasi iko kama mtu," alisema. "Ukimupiga leo, kesho umuache alale. Donc leo batu bapige hapa kwa huu mustari, kesho tunasogeza kamba."

Ndivyo inavyofanywa hadi leo. Mchezaji anapopiga, fimbo inang'oa kipande cha udongo na nyasi. Vipande vikifuata mstari mmoja, kovu linakuwa jembamba na ukoka unalifunika haraka. Vikitawanyika, unapata jangwa. Kwa hiyo praktisi nzuri inahitaji mahali pa kupigia papana kuliko mnavyodhani, ili pawe na sehemu ya leo, ya kesho, na ile iliyolala usingizi. Wachoraji wa kamati huchora mstari mwembamba kama veranda. Nyasi zikifa, wanamwaga saruji na kutandika mikeka ya plastiki, wanasema ni maendeleo.

Kuhusu mikeka, nitawasimulia kidogo. Kule kwenye klabu ya chai palikuwa na mhasibu mmoja ambaye kwenye mkeka alikuwa simba. Mipira yake ilipaa, watu wakamsifu. Akienda kwenye nyasi halisi, fimbo inazama ardhini na mpira unatambaa kama jongoo. Akaja kulalamika kwamba nyasi zetu ni mbovu.

Yusufu akamwambia kwa upole, "Mzee, ukipiga nyuma ya mpira, mkeka inateleza, inakusamehe. Nyasi haisamehe. We unapiga nyuma."

Mhasibu akapeleka mashitaka kwenye kamati. Kamati ikakaa, ikatafakari, ikaagiza mikeka zaidi. Mhasibu alibaki simba wa mkekani mpaka alipohamishwa.

Miaka ikapita. Yusufu alirudi kwao Yoba kabla yangu. Mimi nilirudi baadaye na wazazi wangu hapa Gasorwe, kwenye kilima cha babu, nikaanza kulima nikidhani gofu imekwisha. Halafu Gitega ikawa makao makuu ya nchi. Wizara zikaja, wakubwa wakaja, na watu wenye nafasi wakaanza kutafuta mahali pa kuonekana jioni. Kundi moja la wafanyabiashara likapata ardhi kwenye kilima nje kidogo ya mji, likaanzisha klabu. Mwenyekiti wao alikuwa Fabiani, muuza saruji na mabati, mtu mwenye sauti nzito na viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua. Walimchukua Yusufu kuwa fundi wa fimbo, na Yusufu akanipigia simu.

"Ezekieli, kuja," alisema. "Hapa iko batu banataka kupanda nyasi juu ya mawe. Mi peke yangu nitakufa na hasira."

Nikaenda. Waliniajiri kuwa mwalimu na msimamizi wa praktisi. Siku ya kwanza Fabiani alinitembeza mwenyewe. Upande wa kaskazini, karibu na baa, palikuwa na kipande kizuri ambacho mfano wake sijauona kwingine: kirefu, kipana, kinashuka kidogo halafu mwisho wake kinapanda taratibu kama ukingo wa bakuli, na nyuma yake msitu wa mikaratusi. Moyo wangu ulifurahi. Nikamuuliza, hapa ndipo praktisi?

"Hapana, mwalimu," Fabiani alisema. "Hapa iko parking."

Magari yalikuwa yamepewa bakuli lile. Yalisimama pale yakitazama mikaratusi.

Praktisi waliiweka upande wa magharibi. Unatoka baa, unatembea kitambo, unasimama kwenye ukingo na kupiga kuteremka bondeni. Vijana, shikeni hili, ni la bure: watu wetu hufanya mazoezi asubuhi na jioni, kwa sababu mchana wako kazini na jua ni kali. Kwa hiyo uwanja wa mazoezi usitazame mawio wala machweo. Uelekezwe kaskazini au kusini. Yule anayepiga kuelekea magharibi jioni haoni mpira wake, anaona moto tu. Na asipoona mpira umeangukia wapi hajifunzi kitu, anachosha mikono. Tena anayepiga kuteremka mlimani anadanganyika, kila mpira unaonekana umekwenda mbali. Na jingine: mchezaji anayetumia mkono wa kulia, akiwa hajakomaa, mpira wake hupinda kwenda kulia. Kwa hiyo upande wa kulia acheni nafasi tupu, msiweke kitu chenye uhai.

Hapo Gitega upande wa kulia, pale mteremko unapoishia, palikuwa na njia. Njia ya watu wa kilima, ya zamani kuliko klabu, kuliko Fabiani, pengine kuliko mji wenyewe. Walipita hapo kwenda mashambani, kuchota maji na kwenda sokoni.

Nilimwambia Fabiani siku ile ile. Nikamwambia tena mbele ya kamati nzima, kwenye veranda ya baa, wakiwa na chupa zao. Nilieleza kuhusu jua, mteremko, mpira unaopinda. Pendekezo langu lilikuwa rahisi: magari yakae pale mlipoweka mazoezi, mazoezi yakae pale mlipoweka magari. Gari haliumizwi macho na jua la jioni.

Fabiani alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Écoute, mwalimu. Mi naelewa. Mais mutu akishuka kwa gari yake na mke wake amevaa vizuri, we unataka atembee mpaka baa? Batu banakuja hapa kupumzika."

"Na wale wanaopita njiani?"

"Batazoea," alisema. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaongeza kwamba mpira wa gofu ni mdogo sana.

Sikuondoka. Ningeweza kuondoka, na wakati mwingine huwaza kwamba ningeondoka ningekuwa nimeepuka mengi. Lakini nilitaka kazi, na Yusufu alinisihi tukae tulinde tunachoweza. Tukahamisha mahali pa kupigia kuelekea kushoto kadiri ardhi ilivyoruhusu. Mtu akianza kupita njiani, mmoja wetu anainua mkono na kuwasimamisha wachezaji. Wachezaji walichukia sana jambo hilo. Kuna bwana mmoja alikuwa akihesabu pumzi kwa sauti, akinitazama, kila niliposimamisha, kama vile mwanamke mwenye mzigo kichwani alikuwa amekuja kumharibia maisha makusudi.

Jioni moja Fabiani alileta mgeni wake kutoka Bujumbura, mtu mnene mcheshi mwenye fimbo mpya. Alichagua ile ndefu kuliko zote. Wote huchagua hiyo. Ukimpa mtu mazoezi ya mpira mfupi karibu na shimo, ndiko mchezo wote unakoamuliwa, anaona umemdharau. Jua lilikuwa mbele yetu moja kwa moja. Nilimwambia subiri, sioni vizuri kama njia ni tupu. Nikaweka kiganja juu ya macho. Kabla sijamaliza kutazama, nikasikia fimbo.

Mpira ulipaa, ukaanza kupinda kulia. Kisha tukasikia sauti ya mtu.

Mgeni hakuisikia, au hakuielewa. Alikuwa bado ameshikilia fimbo begani, kama anapigwa picha. Akaniuliza, "Umefika wapi?"

Nikamwambia, "Umefika kwa mtu."

Aliyepigwa ni mama mmoja wa kilima kile tuliyemjua kwa jina la Mama Odeta. Alikuwa mkulima, amekulia Tanzania kama mimi, kwenye makambi ya Kigoma, na tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili cha huko. Nilimkuta ameketi kando ya njia, viazi vitamu vimetapakaa, mkono wa kulia ameubana tumboni kwa mkono wa kushoto. Mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Uliinuka chini ya ngozi kama kijiti. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nimekosa nini?"

Yusufu hakuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda hadi kwenye gari la Fabiani, akamwamuru dereva aliteremshe bondeni, tukampeleka Mama Odeta hospitali. Kamati ilituma sabuni, sukari na mfuko wa mchele. Mgeni wa Bujumbura alirudi kwao. Niliambiwa kwamba alikuwa amesikitika sana, na kwamba aliulizia kama fimbo yake haikupata ufa.

Kesho yake nilikusanya mipira yote, nikaiingiza stoo, nikafunga kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Fabiani akaja.

"Fungua, mwalimu. Batu bamefika."

"Sifungui mpaka praktisi ihamishwe."

"We iko mfanyakazi wangu."

"Ndiyo. Na mipira iko ndani."

Sikuwa jasiri kama mnavyofikiri. Nilikuwa na watu nyumbani wanaonitegemea. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona yule mama ameketi na viazi vyake. Fabiani akageuka, akaenda zake. Baadaye fundi wa vyuma akaja na kukata kufuli, na mimi nikaambiwa nisishike tena funguo zozote. Walinibakiza kufundisha, kwa kuwa hawakuwa na mwalimu mwingine.

Halafu kamati ikapata wazo. Ninaomba mlisikilize vizuri wazo hili, kwa sababu mtakutana nalo maisha yenu yote katika mavazi mbalimbali. Waliona kwamba tatizo si praktisi. Tatizo ni watu. Wakaifunga njia kwa seng'enge, huku na huku, ili watu wa kilima wazunguke kupitia bondeni, kwenye matope. Walifurahi sana kwa ujanja huo. Walikunywa siku hiyo.

Asubuhi seng'enge ilikuwa imekatwa. Wakairudishia. Ikakatwa tena. Fabiani akataka kuita polisi, lakini mkuu wa kilima, kiongozi wa wakazi wa pale, akamtangulia, akaitisha kikao cha watu wote pamoja na bashingantahe, wale wazee wanaosuluhisha migogoro, na akasema kikao kitafanyika jioni, papo hapo kwenye praktisi. Viti vikatolewa baa, vile vyekundu vya plastiki. Wanachama wengi walikuja, baadhi na fimbo zao, maana walitegemea mambo yataisha upesi wapige kidogo. Watu wa kilima walikaa kwenye nyasi zetu, na ilikuwa mara ya kwanza kuona nyasi zile zimekaliwa na watu wengi namna hiyo.

Maneno yalikuwa ya Kirundi, nami nawapa kwa Kiswahili. Fabiani alisema anasikitika. Alisema klabu itauletea mji sifa. Alisema ajali ni ajali, kwamba praktisi ile ni salama kabisa mtu akiwa mwangalifu, na kwamba njia inaweza kuhamishwa bila hasara kwa mtu yeyote. Wazee waliuliza maswali machache. Mimi nilipewa nafasi nikarudia yale yale ya jua na mteremko na mpira unaopinda. Niliona macho ya watu yakisinzia. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi mno, hata mimi mwenyewe yalikuwa yamenichosha.

Kisha akaombwa Mama Odeta. Alisimama, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Mchele mlioleta ulikuwa mzuri," alisema. "Tumeula, tunashukuru. Mimi sina mashitaka mengi. Mwenyekiti amesema hapa ni salama. Basi ninaomba aende akasimame pale njiani nilipokuwa mimi. Halafu wenzake wapige, kama wanavyopiga kila siku. Akirudi mzima, mimi nitapita matopeni na sitasema tena."

Akakaa. Mkuu wa kilima akamtazama Fabiani. Hakumlazimisha. Alimtazama tu, na watu wote wakamtazama.

Fabiani ni mtu mwenye kiburi, na siku hiyo kiburi kilimfanya afanye jambo ambalo sikulitegemea. Alivua koti akaliweka kwenye kiti, akateremka. Viatu vyake viliteleza kwenye mteremko. Alifika njiani, akageuka, akakunja mikono kifuani. Kutoka tulipokuwa alionekana mdogo.

"Pigeni," alipaza sauti.

Wanachama walitazamana. Yule bwana wa kuhesabu pumzi alikuwa na fimbo mkononi. Alitoka mbele, akaweka mpira kwenye kijiti chake, akasimama sawasawa kama nilivyomfundisha. Akautazama mpira. Akamtazama Fabiani. Akautazama mpira tena. Kisha akainama, akauokota, akautia mfukoni.

"Upepo," alisema.

Hapakuwa na upepo. Moshi wa jiko la baa ulikuwa umesimama wima.

Mwingine akasema bega linamuuma tangu asubuhi. Wa tatu alijifanya anapokea simu. Yusufu, aliyekuwa ameketi chini karibu nami, akawaambia kwa sauti ya upole kabisa, ile aliyotumia kwa mhasibu wa chai: "Pigeni basi. Si iko salama? Si mpira iko mudogo?"

Walikuwa watu waliopiga makapu kwa makapu ya mipira kuelekea njia ile, na kila mmoja wao alijua kwa hakika, ndani ya tumbo lake, kwamba hawezi kuahidi mpira wake utaangukia wapi. Walijua tangu zamani. Tofauti ya siku hiyo ni kwamba aliyesimama kule walimfahamu kwa jina.

Kule chini Fabiani hakusikia maneno yetu. Aliona tu watu wanainua fimbo na kuzishusha. Jua lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo yeye alituona vizuri. Mikono ikakunjuka kifuani. Baadaye nikaona mmoja unapanda taratibu na kutulia juu ya kichwa, kama mtu anayekinga manyunyu. Sidhani alijua kwamba ameuinua. Mwisho akaanza kupanda, polepole, na alipofika juu shati lilikuwa limelowa mgongoni.

Hakumtazama Mama Odeta. Aliwatazama rafiki zake.

"Hata mumoja?" aliuliza.

Akachukua koti lake, akalikung'uta, akasema bila kugeuka, "Mwalimu, magari yahame."

Basi tukajenga. Msidhani maarifa yangu ndiyo yaliyoshinda. Nilikuwa nimeyatoa yote bure na hayakuhamisha hata baiskeli. Lakini ardhi tulipewa, na Yusufu akafanya kazi kama kijana. Tuling'oa changarawe ya magari, tukaweka udongo wa bondeni, tukapanda ukoka kwa mkono, shina kwa shina, mvua zilipoanza. Mahali pa kupigia tulipafanya papana, pagawanyike katika sehemu za kupokezana usingizi. Kule mbele tuliweka madebe yaliyopakwa chokaa, mengine karibu, mengine mbali, kwa sababu mtu asiye na shabaha anafyeka hewa tu. Ukingo wa bakuli unaupokea mpira, unakuonyesha ulipoangukia, kisha unaurudisha chini ambako ni rahisi kuokota. Na pembeni tulitengeneza eneo dogo la nyasi fupi lenye shimo na shimo la mchanga, la kujifunzia mipira midogo. Kamati iliita sehemu hiyo upotevu wa ardhi.

Watu wakaja. Walikuja walimu wa shule, wauguzi wakitoka kazini, hata bibi mmoja mtawa ambaye hakuwahi kuvua viatu vyake vya kazi na aliyekuwa na mkono mtulivu kuliko wote niliowafundisha. Wake za wanachama walitembea kutoka kwenye magari hadi baa, na hakuna aliyekufa.

Siku ya ufunguzi Fabiani alitoa hotuba. Alieleza kwamba kamati, baada ya kutafakari kwa kina na kwa kuzingatia mwelekeo wa jua, ilikuwa imeamua kubadilisha mpangilio. Alitumia maneno yangu yale yale, hata lile la bakuli. Watu wakapiga makofi. Yusufu alicheka hadi akakaa juu ya kapu la mipira, machozi yakamtoka, na mke wa mwanachama mmoja akadhani ameguswa na hotuba, akampa leso.

Mimi sikucheka. Nilitoka nikashuka hadi njiani. Seng'enge ilikuwa imeondolewa na majani yalishaanza kurudi pembeni. Mama Odeta alikuwa anatoka shambani, jembe amelishika kwa mkono wa kushoto. Tukasalimiana. Nikamuuliza bega linaendeleaje.

Alilihamishia jembe mkono wa kulia, akalinyanyua nione. Lilipanda mpaka usawa wa kifua, likasimama hapo, likitikisika.

"Linafika hapa," alisema. "Zaidi ya hapa halifiki."

Kule juu walikuwa bado wanapiga makofi. Alilirudisha jembe mkono wa kushoto, akaniambia nisalimie nyumbani, akaendelea na safari yake.